Mpeni Chakula: Haki ya Mgonjwa Anayetibiwa kwa Mionzi



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma habari za binti Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili. Watu walikwisha kuanza maombolezo. Bwana akaingia, akamshika mkono mtoto, naye akasimama. Muujiza ulikwisha kutendeka. Hata hivyo Marko anatuambia kwamba Yesu alitoa agizo moja zaidi: mtoto apewe chakula. Mara nyingi tunapoifafanua sura hii tunaishia kwenye muujiza, tukalisahau agizo lililoufuata. Yeye aliyeweza kumrudishia mtoto uhai hakuona kuwa ni jambo dogo kuwakumbusha wazazi kwamba anayeinuka kitandani anahitaji kula.

Toleo hili linahusu agizo hilo. Linahusu ndugu zetu wenye saratani ya kinywa, ulimi, ufizi, koo, zoloto na pua, ambazo madaktari huziita kwa pamoja saratani za kichwa na shingo. Wengi wao wanafanikiwa kuipata mionzi, lakini hawana chakula wanachoweza kukimeza. Tunapenda kuonyesha kwamba kwa wagonjwa hawa chakula ni sehemu ya tiba yenyewe. Na kama tiba ni haki, basi chakula nacho ni haki, wala si hisani ya mwenye moyo mwema. Tutafuata njia tuliyoizoea katika semina zetu za Haki na Amani: tuone, tupime, tutende.

TUONE

Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo anayetibiwa kwa lengo la kuponywa hupewa mionzi, kwa kawaida, mara 30 hadi 35. Hupigwa mionzi siku tano kila juma, kwa majuma sita au saba mfululizo. Kila mara huchukua dakika chache tu, wala mionzi haiumi wakati inapopita mwilini. Ndiyo maana wengi huanza wakiwa na moyo mkuu, na juma la kwanza hupita vizuri.

Taabu huanza katika juma la pili au la tatu. Mionzi inayoziua chembe za saratani haiwezi kuepuka kabisa kuugusa utando laini wa kinywa na koo. Utando huo hubabuka ukawa vidonda. Tezi za mate hudhoofika, mate yakapungua na kuwa mazito kama ulimbo. Ulimi hupoteza ladha. Nyama na ubao huwa sawa mdomoni. Kumeza mate tu ni maumivu. Wengine hupewa pamoja na mionzi dawa za saratani kupitia mshipa, nazo huongeza kichefuchefu na kuzidisha vidonda. Hali hiyo hufikia kilele chake karibu na mwisho wa tiba, na kwa wengi huendelea kwa majuma kadhaa baada ya siku ya mwisho ya mionzi. Ukavu wa kinywa waweza kudumu kwa miezi, hata miaka.

Tukumbuke pia kwamba wengi hufika kwenye mionzi wakiwa wamekwisha kukonda. Uvimbe wenyewe ulikuwa ukizuia kumeza tangu zamani. Miezi ilipita katika kujaribu dawa za kienyeji, kisha zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha kusubiri rufaa. Mtu huianza safari ndefu akiwa hana akiba mwilini wala mfukoni.

Hebu tumfikirie mkulima mmoja, mwanakigango kama sisi, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu na uzito wa kilo 50. Uvimbe wake uko nyuma ya ulimi. Kwa miaka mingi hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambayo majengo yake ya kwanza yalijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890 na ambayo mwaka 1996 ilifanywa kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea, ndiyo iliyokuwa mahali pekee nchini Tanzania penye tiba ya mionzi. Siku hizi hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu, nayo inatoa tiba hiyo, na hiyo ni hatua ya kumshukuru Mungu. Lakini kwa mtu wa Rukwa, Ruvuma au Kigoma safari bado ni ya mamia ya kilomita, na huko aendako atakaa majuma saba.

Tena mkulima huyu hatalazwa wodini. Mgonjwa wa mionzi anayeweza kutembea huja asubuhi, hungoja zamu yake, hupigwa mionzi, kisha huondoka. Kwa hiyo analala kwa mpwa wake, katika chumba kimoja cha kupanga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hawezi kushika jembe, na siku zake si mbili. Ni arobaini na tisa. Nyumba ile inakula ugali, maharage na samaki wa kukaanga mwenye pilipili. Yeye hawezi kumeza hata kimoja. Anaona haya kwa sababu mate yanamchuruzika na kinywa kinanuka, hivyo hukaa peke yake. Akiulizwa, hujibu kwamba ameshiba. Anaishi kwa chai ya rangi na uji mwepesi wa unga mtupu. Ikifika juma la nne, suruali yake inafungwa kwa kamba.

Basi hapo hufuata mambo matatu, ambayo kila mwamini afaa kuyajua.

La kwanza ni barakoa. Kabla ya tiba kuanza, wataalamu humtengenezea mgonjwa barakoa ya plastiki inayoukamata uso na shingo yake barabara, ili kichwa kisitikisike na mionzi ifike mahali palepale kila siku. Vipimo vyake ni vya milimita. Mgonjwa akikonda sana, barakoa inalegea, na umbo la shingo lililopimwa mwanzoni linakuwa limebadilika. Mionzi inaweza kuukosa uvimbe na kugusa pasipotakiwa. Yawezekana ikabidi vipimo vyote virudiwe, na siku zinapotea.

La pili ni kukatizwa kwa tiba. Mgonjwa asiyekula huishiwa nguvu, hukosa siku mbili, kisha juma zima. Saratani haipumziki siku hizo. Chembe zilizosalia zinaendelea kuongezeka. Wataalamu wamekadiria kwamba katika saratani nyingi za kichwa na shingo, kila siku inayoongezeka kwenye muda wa tiba uliopangwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia moja au zaidi kidogo. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini juma moja lina siku saba. Mtu apotezaye majuma mawili kwa sababu ya njaa amepoteza sehemu kubwa ya kile alichouza ng'ombe wake ili akipate.

La tatu ni mwili wenyewe. Vidonda vya mtu mwenye njaa havifungi upesi, maradhi mengine humwingia kwa urahisi, na daktari hulazimika kupunguza au kusimamisha dawa. Wengine hukata tamaa, wakarudi nyumbani kabla ya kumaliza. Jamaa husema saratani haina dawa. Kumbe dawa ilikuwapo, kilichokosekana ni maziwa na mayai.

TUPIME

Je, hili ni jambo la Tume ya Haki na Amani, au ni la Karitasi na wauguzi peke yao? Jibu letu ni kwamba ni la Tume, kwa sababu lahusu haki. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 25, linataja chakula na matunzo ya afya pamoja, katika haki moja ya mtu kuishi maisha yanayomfaa. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alipoorodhesha haki zinazotokana na uhai wa mtu alivitaja chakula, makazi na matibabu kwa pamoja. Waliyoyaandika hayo hawakuvitenganisha. Sisi ndio tuliovitenganisha: tukakabidhi mionzi kwa hospitali, tukamwachia mgonjwa chakula na malazi yake mwenyewe.

Ndiyo maana hata pale gharama za tiba zinaposamehewa, maskini bado analipa. Analipa nauli, analipa pango, analipa maziwa. Mwenye ndugu wenye uwezo mjini humaliza tiba yake. Asiye nao hukonda na kukatiza. Wote wawili walipewa mashine ileile na daktari yuleyule. Tofauti kati yao ni sahani. Mahali ambapo sahani huamua nani apone, hapo pana dhuluma, hata kama hakuna mtu mmoja tunayeweza kumnyoshea kidole.

Tutaambiwa kwamba nchi ni maskini na vyakula maalumu vya wagonjwa ni ghali. Hoja hiyo ijibiwe kwa ushahidi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Lisbon, nchini Ureno, juu ya wagonjwa 75 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi. Waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa ushauri wa lishe wa mara kwa mara, mtu kwa mtu, kwa kutumia vyakula vya kawaida. La pili lilipewa vinywaji vya lishe vya viwandani pamoja na chakula chao. La tatu liliachwa lile lilivyozoea. Katika wakati wa mionzi makundi mawili ya kwanza yalikula vizuri zaidi kuliko la tatu. Lakini miezi mitatu baadaye, ni kundi lililopewa ushauri ndilo lililoendelea kusimama vizuri. Fundisho lake ni kubwa kwetu. Kitu kilichowasaidia zaidi kilikuwa mtu anayeijua kazi yake, anayekaa na mgonjwa kila juma, kumuuliza ameshindwa kumeza nini na kumwonyesha namna ya kukipika upya. Mtu wa namna hiyo anaweza kupatikana hata katika nchi yetu.

Lakini hukumu ianze nyumbani mwa Mungu. Tunajua sote jinsi tulivyo wepesi wa kuchanga wakati wa msiba. Mtu akifa, daftari hutembea siku hiyohiyo. Magunia ya mchele hufika, mbuzi huchinjwa, masufuria makubwa huinjikwa, na waombolezaji hula siku tatu. Desturi hiyo ni njema, wala hatuipingi. Lakini ni lazima tujiulize: kama marehemu alikonda kwa kukosa kikombe cha maziwa, nasi tunampikia pilau akiwa ndani ya jeneza, tumeonyesha upendo gani? Sehemu ndogo tu ya mchango ule, ingalitolewa majuma saba mapema, ingalimlisha mgonjwa mpaka siku ya mwisho ya mionzi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema; lakini Bwana wetu, katika sura ya 25 ya Mathayo, hakuukubali udhuru wa kutojua.

Zaidi ya hayo, zipo fikra potofu zinazoenea hata kati ya waamini, nazo zinaua.

Kuna wanaosema kwamba mgonjwa wa saratani asile vizuri, kwa kuwa chakula kinaulisha uvimbe. Si kweli. Mgonjwa akinyimwa chakula, uvimbe hujichukulia kutoka katika misuli yake. Anayekufa njaa ni mwenye mwili.

Kuna wanaouogopa mpira wa kulishia, ule unaopitishwa puani mpaka tumboni, au unaoingizwa moja kwa moja tumboni kupitia ngozi. Husema aliyewekewa mpira amekwisha. Kwa mgonjwa wa mionzi mara nyingi mpira ni daraja la kupita: huwekwa wakati vidonda ni vikali, huondolewa koo likipona. Kanisa nalo limefundisha, katika jibu lililotolewa Vatikano mwaka 2007 kuhusu wagonjwa wasiojitambua, kwamba kumpatia mtu chakula na maji hata kwa njia ya mpira ni, kwa kawaida, wajibu wa matunzo ya kibinadamu. Kama ni hivyo kwa asiyejitambua, si zaidi kwa huyu anayetutazama na kutusikia?

Kuna wagonjwa wanaofunga kwa ibada, hasa wakati wa Kwaresima, wakidhani watampendeza Mungu zaidi. Sheria ya kufunga haimbani mgonjwa. Tena kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inawaruhusu wagonjwa, wazee na wale wanaowatunza kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa ile moja iliyotangulia. Na yule asiyeweza kabisa kumeza hostia asifikiri kwamba amefukuzwa mezani pa Bwana: kanuni ya 925 inaruhusu, panapo lazima, komunyo itolewe kwa umbo la divai peke yake. Viongozi wa Jumuiya wamweleze paroko mapema, ili ndugu huyu asikae majuma saba bila Sakramenti kwa kuona haya.

Na kuna wanaolaumu. Ni kweli kwamba tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pamoja na pombe, ni visababishi vikubwa vya saratani hizi, na vikikutana hatari huzidi. Vijana wetu waambiwe hivyo waziwazi. Aliye katika tiba naye asaidiwe kuviacha, maana vinazidisha vidonda na kudhoofisha kazi ya mionzi. Lakini wapo pia waliougua bila kuvuta wala kunywa. Virusi vya aina fulani navyo husababisha baadhi ya saratani hizi. Na hata aliyevuta maisha yake yote hapotezi haki yake ya kula.

TUTENDE

Tuanze jikoni, kwa kuwa hapo kila mtu ana uwezo.

Miongozo ya wataalamu inasema mgonjwa wa saratani anahitaji kwa siku nishati ya kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa mgonjwa wa mionzi ya namna hii ni afadhali kushika ile 30. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo. Kwa mkulima wetu wa kilo 50 hiyo ni takriban kilokalori 1,500 na protini gramu 60 hadi 75. Sasa kikombe cha uji mwepesi, wa unga na maji matupu, hakifiki kilokalori 100. Hata akinywa vikombe kumi na vitano hatatosheka, na protini ataikosa.

Lakini uji huohuo ukipikwa kwa robo lita ya maziwa badala ya maji, ukaongezwa kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini na kijiko kimoja cha mafuta ya kula, kikombe kimoja hupita kilokalori 400. Vikombe vinne vya namna hiyo pamoja na mayai mawili yaliyoiva vizuri na kupondwa vinatosheleza nishati ya siku nzima, na protini takriban gramu 65. Pasipo na maziwa, tui la nazi huongeza nishati, na dagaa waliosagwa na kuchujwa au maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda huleta protini. Mtori wa ndizi na nyama uliosagwa, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, parachichi na maziwa ya mgando vyafaa pia, mradi mgando usimwashe. Mwenye kisukari au maradhi ya figo apange chakula chake pamoja na daktari.

Ale kidogo kidogo, mara sita au nane kwa siku, bila kungoja njaa, kwa maana njaa yenyewe imempotea. Haba na haba hujaza kibaba. Chakula kiwe vuguvugu au cha baridi, laini, chenye mchuzi. Pilipili, ndimu, nyanya kali na vitu vikavu vikaangwavyo viwekwe kando kwa muda. Kinywa kisukutuliwe mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Asitumie dawa za kusukutua zenye spiriti. Daktari akimpa dawa ya maumivu, aimeze kama nusu saa kabla ya chakula. Meno yachunguzwe kabla ya mionzi kuanza, maana baada ya mionzi kung'oa jino la taya ni hatari. Na kama anakohoa au kupaliwa kila anapomeza, jambo hilo liripotiwe hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu chakula chaweza kuingia mapafuni.

Apimwe uzito kila juma. Akipoteza kilo mbili na nusu katika mwezi mmoja, ikiwa alianza na kilo 50, hiyo ni asilimia tano, nayo ni kengele ya hatari. Asingoje kuulizwa, yeye au msindikizaji wake amwambie muuguzi. Kama ameshindwa kula hata nusu ya mahitaji yake kwa zaidi ya juma moja, ni wakati wa kuzungumza na daktari juu ya mpira wa kulishia. Mwenye mpira naye asiache kabisa kumeza: ikiwa daktari ameruhusu, ameze maji kidogo kila siku, ili misuli ya koo isisahau kazi yake.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo karibu na hospitali za mionzi zina nafasi ya pekee. Jumuiya moja ikichukua mgonjwa mmoja kwa majuma saba, kila nyumba ikapokea siku yake ya kupeleka chupa ya uji wenye maziwa, hakuna atakayefilisika. Akina mama wa WAWATA wanaweza kufundishana mapishi haya kwa mchana mmoja tu. Vijana wanaweza kumsindikiza mgonjwa na kushika daftari la uzito wake. Jumuiya iliyo kijijini isifikiri kwamba kazi yake imekwisha ilipotoa nauli. Ipige simu kila juma, iulize swali moja: leo umekula nini? Na mgonjwa akirudi, isiandae karamu ya ndafu kisha ikamwacha. Majuma ya kwanza baada ya mionzi ndiyo magumu kuliko yote.

Halmashauri za walei za parokia zitenge fungu la wagonjwa walio katika tiba ndefu, na hesabu zake zisomwe hadharani kama zinavyosomwa za ujenzi. Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa kila tarehe 11 Februari, ingefaa iwe siku ya kukusanya unga, karanga, mafuta na maziwa ya unga kwa ajili yao. Parokia za mjini zenye vyumba vitupu zifikirie kuvifanya malazi. Kitanda kimoja kikitumika vizuri kwaweza kuwapokea wagonjwa saba kwa mwaka.

Kwa hospitali zote zenye mionzi, zikiwamo zile za Kanisa, tunaomba mambo ambayo si makubwa: mgonjwa wa kichwa na shingo aonane na afisa lishe kabla ya mionzi kuanza, kila juma wakati wa mionzi, na kwa muda baada yake, uzito uandikwe kwenye jalada kila juma, na pawepo jiko dogo ambapo msindikizaji anaweza kupasha uji. Hospitali zetu zianze, ili tuwe na uso wa kusema na wengine.

Kwa Serikali na Bunge tunasema kwa heshima, lakini bila kuficha. Mashine za mionzi hununuliwa kwa fedha nyingi za wananchi. Mashine hizo hazitatoa matunda kamili kwa mtu ambaye barakoa yake imelegea kwa njaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, ushauri wa lishe, vifaa vya kulishia na chakula cha mgonjwa asiyeweza kumeza vihesabiwe kuwa matibabu. Bajeti hujadiliwa kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Wabunge wetu hufika majimboni kabla ya hapo. Tume za parokia ziombe kuonana nao na kuwauliza: wagonjwa wa rufaa kutoka jimbo letu wanakula nini na kulala wapi wakiwa kwenye mionzi? Swali hilo liandikwe, na jibu lake liandikwe.

Ndugu wapenzi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Elia alilala chini ya mti akiomba afe. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mgonjwa wa mionzi katika juma la nne yuko chini ya mti ule. Hatuna uwezo wa kumpiga mionzi, wala wa kumwondolea uvimbe. Uwezo tulio nao ni wa kurudi mara ya pili na kikombe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, yuko ndugu katika Jumuiya yetu aliye katika tiba ya mionzi, au anayengojea rufaa? Nani amemtembelea juma hili, na anakula nini?

2. Katika msiba wa mwisho tulichanga kiasi gani? Marehemu alipokuwa mgonjwa tulichanga kiasi gani?

3. Ni fikra zipi potofu juu ya chakula, mpira wa kulishia au kufunga tunazozisikia kwetu, na nani atazisahihisha?

4. Je, tutachukua hatua gani moja kabla ya mkutano ujao, na nani atatoa taarifa?